Neno "Uthibitisho" na Ushahidi wa Mtoto

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekabiliwa na kazi kubwa ya kutafuta istilahi. Juhudi yao yastahili sifa. Hata hivyo, lipo neno moja lililobebeshwa mzigo kupita kiasi, nalo ni "uthibitisho". Makala haya yanalihakiki neno hilo katika mashauri ya watoto waliobakwa au kulawitiwa, ambamo kosa dogo la lugha laweza kupotosha haki.

Neno hilo hutumika kwa mambo matatu. Kwanza, ni tamko linalotolewa na shahidi badala ya kuapa. Pili, ni ushahidi mwingine unaotilia nguvu maneno ya shahidi, kama vile maelezo ya daktari katika PF3. Tatu, ni wajibu wa upande wa mashtaka wa kuonyesha kosa pasipo kuacha shaka ya maana.

Sasa tuitazame Sheria ya Ushahidi. Kwa marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho, mradi kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kwa marekebisho ya mwaka 1998, katika makosa ya kujamiiana mahakama yaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, bila uthibitisho, iwapo imeridhika, na kuandika sababu, kwamba amesema kweli tupu. Lakini shtaka lenyewe lingali lahitaji uthibitisho! Mwanakijiji wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, akisomewa hayo, ataondoka akidhani ama kwamba mshtakiwa hufungwa bila kosa kuonyeshwa, ama kwamba mtoto haaminiwi mpaka daktari aseme. Dhana zote mbili si sahihi.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Katika rufaa iliyoamuliwa Bukoba mwaka 2019, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba ushahidi wa mtoto haukuwa na thamani, kwa kuwa kumbukumbu hazikuonyesha kwamba aliahidi kusema kweli. Baadaye Mahakama hiyo ililegeza msimamo, lakini fundisho limebaki: ahadi si kiapo, wala si uthibitisho, na karani au mkalimani asiyetofautisha maneno hayo aweza kuliharibu shauri zima.

Kwa hiyo tunapendekeza kila dhana ipewe neno lake. "Kiapo" kibaki kwa anayeapa. Asiyeapa atoe "tamko la kweli". Mtoto atoe "ahadi". Ushahidi wa ziada uitwe "ushahidi wa kutilia nguvu". "Uthibitisho" liachiwe kazi moja tu, yaani kuthibitisha shtaka. Hapo sheria itasomeka waziwazi: ushahidi wa mtoto waweza kutosha bila wa kutilia nguvu, lakini hakuna anayetiwa hatiani bila uthibitisho.

Pengine atatokea wa kusema kwamba "tamko la kweli" ni refu. Ni kweli, lakini urefu wa istilahi huzoeleka. Utata wake hauzoeleki.

Liko jambo moja zaidi. Mtoto hasemi kwa istilahi. Husema "alinifanyia tabia mbaya", au husema kwa Kisubi, Kihangaza au Kisukuma, akafasiriwa. Mahakama za Rufaa za Tanzania na Kenya zimekwisha kukubali kwamba mtoto aweza kueleza kosa kwa tafsida. Basi mkalimani asimpambie wala kumsahihisha. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, kisha mahakama iulize maana yake na kuiandika. Istilahi ni za sheria. Ushahidi ni wa mtoto, na hakimu hawezi kupima uzito wa maneno ambayo mtoto hakuyasema.