Mizabibu ya Al-Qarafi na Wakimbizi wa Dadaab

Kwa miaka mingi, kila lilipotokea shambulio nchini Kenya, lawama ziliteremka Dadaab kabla maiti hazijazikwa. Hatusemi haya kwa kubeza damu iliyomwagika. Watu 67 waliuawa Westgate Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi. Kuziua nafsi hizo ni haramu isiyo na mjadala, na ni wajibu wa dola kuwalinda watu wake. Tunachokihoji ni kilichofuata.

Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Hata raia wa Kenya wenye asili ya Kisomali hawakusalimika. Desemba mwaka huo sheria mpya ya usalama ikaweka ukomo wa wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima, ilhali waliokuwepo walikuwa zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo. Baada ya Garissa, Naibu Rais William Ruto akalipa shirika la UNHCR miezi mitatu kuihamisha kambi. Mei 2016 serikali ikatangaza tena kuifunga.

Wapo Waislamu wanaozitetea hatua za namna hii kwa kanuni ya saddu dharai', yaani kuziba njia ipelekayo kwenye madhara. Hapa ndipo penye kosa. Imamu Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 684 Hijria, aliigawa dharia mafungu matatu katika kitabu chake Al-Furuq. Lipo linalozibwa kwa makubaliano, kama kuchimba shimo katika njia ya watu. Lipo lenye khitilafu. Na lipo lisilozibwa kwa makubaliano, kama kupanda mizabibu kwa kuchelea ulevi. Hakuna asiyejua kuwa zabibu hutengenezewa mvinyo, wala hakuna fakihi aliyeamuru mizabibu ing'olewe. Sasa mkimbizi aliyekimbia vita yumo fungu lipi: la shimo au la mzabibu? Na tukumbuke kuwa mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya, msomi wa sheria, mtoto wa chifu wa Mandera. Kambi ingefungwa mwaka uliotangulia, huyo asingezuilika.

Atauliza mtu: je, basi mipaka iachwe wazi? La hasha. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Mumtahina aya ya 10, imewaamrisha waumini wawafanyie mtihani wanawake wanaokuja kuhajiri, baada ya mkataba wa Hudaibiya. Huo ni ukaguzi, tena sura nzima imepata jina kutokana nao. Lakini anayetahiniwa ni yule aliyefika, kwa hali yake mwenyewe. Ummu Kulthum binti Uqba, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa Mtume (S.A.W.), alipofuatwa na ndugu zake ili arejeshwe Makka, hakurejeshwa. Nasaba yake haikuwa ushahidi dhidi yake.

Huenda tukaambiwa kuwa Kenya si dola ya Kiislamu, fiqhi haiihusu. Sawa, sisi tunaipima hoja ya Waislamu wenzetu, walioitumia fiqhi hiyo. Na ajabu ni kuwa mahakama za Kenya zilifika karibu zaidi na mafakihi kuliko wao. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kile kifungu cha 150,000. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akaizuia amri ya kuifunga Dadaab, akaona kuwa kuwalenga wakimbizi wa Kisomali peke yao ni kulitesa kundi zima, na ni kinyume cha katiba.

Dadaab ilianzishwa mwaka 1991. Aliyezaliwa humo mwaka huo amevuka umri wa miaka thelathini, na mtihani wa Mumtahina kwake yeye binafsi haukuwa na nafasi katika matangazo yale yote.