Usibadilishe Nenosiri Tena

Mfanyakazi amebadilisha nenosiri asubuhi kama mfumo ulivyomtaka. Kufika saa nne, Outlook inamtolea kisanduku cha kuuliza nenosiri. Analiandika, kisanduku kinatoweka, kisha kinarudi. Anapiga simu kitengo cha TEHAMA, anabadilishiwa nenosiri. Kisanduku kinarudi. Anabadilishiwa tena, na safari hii akaunti nzima inafungwa.

Kubadilisha huko ndiko kulikoifunga, na sababu imo ndani ya Active Directory yenyewe, mfumo wa Microsoft unaosimamia akaunti za kazini. Tangu Windows Server 2003, seva ikipokea nenosiri lisilo sahihi hulilinganisha kwanza na yale mawili yaliyotangulia. Likiwa mojawapo, inamkatalia mtu lakini haimhesabii kosa. Ni kinga nzuri sana, maana simu na kompyuta huendelea kutuma nenosiri la zamani bila mwenyewe kujua. Ila ukibadilisha mara tatu mfululizo, lile lililobaki kwenye simu linatoka nje ya kinga hiyo. Kuanzia hapo kila mara simu inapotafuta barua pepe, kosa linahesabiwa, mpaka kikomo cha makosa kinafika.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anayetuma nenosiri bovu. Jibu limeandikwa. Akaunti inapofungwa, kumbukumbu za usalama kwenye seva ya domeni huandika tukio namba 4740, na ndani yake kuna jina la akaunti na jina la mashine iliyosababisha. Likiwa jina la kompyuta ya mezani kwake, tafuta humo. Likiwa jina la seva ya barua pepe, ishike simu yake kwanza, kisha kompyuta nyingine yoyote aliyowahi kuingilia akaacha bila kutoka.

Kwenye kompyuta, fungua Control Panel, kisha Credential Manager, upande wa Windows Credentials. Hapo utakuta nywila zilizohifadhiwa: za folda za pamoja, za printa ya mtandao, na za Office, ambazo majina yake huanza na MicrosoftOffice16. Funga Outlook, futa zinazohusu akaunti hiyo, zima na uwashe kompyuta, kisha acha mwenyewe aandike nenosiri mara moja. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Lisipoishia hapo, kitazame kisanduku chenyewe. Kikiwa kile kidogo cha kizamani cha Windows badala ya ukurasa wa kuingilia wa Microsoft, huenda Outlook inatumia njia ya zamani ya kuingia ambayo Exchange Online, huduma ya barua pepe ya Microsoft, ilianza kuifunga tarehe 1 Oktoba 2022. Outlook 2010 haiwezi kutumia njia mpya hata nenosiri likiwa sahihi. Ya 2013 inahitaji kurekebishwa kwenye rejista. Kwa ile ya 2010, suluhisho ni kubadilisha toleo.

Na iangalie saa ya kompyuta. Kerberos, njia ya Windows ya kumthibitisha anayeingia kwenye domeni, kwa mpangilio wake wa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva, na betri iliyokufa kwenye ubao mkuu yatosha kuipoteza saa.

Ndugu msomaji, ukipatwa na hili, kabla ya kuomba nenosiri jipya mweleze mtu wa TEHAMA mambo matatu: ulibadilisha lini, kisanduku kinaonekanaje, na ni vifaa gani vyote vinavyopokea barua pepe zako za kazi. Usiisahau simu ya zamani uliyomwachia mtoto nyumbani.