Fundi wa Ganzi ya Mgongo

Mama anayejifungua kwa upasuaji hukutana na mtaalamu wa ganzi kabla ya kisu. Mtu huyu kazi yake ni kuyawahi maumivu njiani. Ngozi ikikatwa, taarifa hupanda kwenye uti wa mgongo kwa nyuzi za namna mbili: zenye utando hukimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde na kuleta mchomo mkali, zisizo na utando hazifiki mita 2, nazo huleta yale maumivu mazito yanayokawia. Anayezigeuza taarifa hizo kuwa maumivu ni ubongo. Zisipoufikia, hauna cha kugeuza.

Mtazame akifanya kazi. "Mama, inamisha kichwa, legeza mabega, usukume mgongo uje kwangu." Vidole vyake hupapasa ncha za juu za nyonga, kwani mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Kwa mtu mzima, ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo kwa kawaida huwa umekwishakoma juu kidogo ya hapo. Kilichobaki ni majimaji na mizizi ya neva. Sindano huingia bila pupa: kano ngumu, kisha mlegeo mdogo ambao ni mkono tu unaoujua. Husubiri tone angavu litokeze kwenye kitako cha sindano, ndipo asukume dawa, mililita 2 hivi.

Njia hii aliifungua August Bier huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, kwa kokeini. Leo hutumika bupivakeini, inayoziba milango ya sodiamu ya neva ili taarifa isipite. Nyuzi za baridi na maumivu huzimika mapema, za mguso huchelewa. Basi fundi hupitisha pamba yenye spiriti tumboni kwenda juu. Ubaridi ukipotea hadi usawa wa chuchu, daktari huanza. Fundi naye hupima presha tena na tena, maana dawa hiyohiyo hulegeza mishipa ya damu.

Tena humwambia mama mapema: "Utasikia kuvutwa, hutasikia kukatwa." Maneno hayo ni sehemu ya tiba, kwa kuwa hofu hukuza maumivu. Mtoto akilia, shukrani humwendea aliyeshika kisu. Aliyeshika sindano naye anastahili kuulizwa jina.