Sifa ya Upambanuzi

Mtu aliyesimama kivukoni Mkongo, akiuelekea mji wa Utete ng'ambo ya pili, hana sababu ya kuutilia shaka mwendo wa mto Rufiji: maji yanatoka bara, yanapita mbele yake pamoja na tope na magogo yake, yanakwenda baharini, na hata mtoto aweza kuonyesha kwa kidole yatokako na yaendako. Lakini mto huo huo ukisha kufika katika delta na kugawanyika matawi mengi kati ya misitu ya mikoko, hali hubadilika; kwa maana mara mbili kila siku bahari hujaa ikaingia mtoni, na ukuti unaoelea juu ya maji huweza kusafiri kurudi bara kwa muda wa saa nzima nzima, kana kwamba mto umeisahau njia yake. Mgeni akiutazama uso wa maji hatambui lipi la mto na lipi la bahari. Nahodha wa Nyamisati hutambua, si kwa kuwa macho yake ni makali kuliko ya mgeni, bali kwa kuwa ameishi na maji hayo wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, naye anajua ya kuwa msukumo wa bahari una saa zake, huja ukaondoka, ilhali mwendo wa mto hudumu.

Ustadi wa namna hiyo ndio niutakao kuusifu, ila wangu si wa chombo, ni wa moyo. Mkristo anayeomba kuongozwa na Mwenyezi Mungu hukutana na shida isiyomkuta yule anayeomba mvua au afya. Mvua ikinyesha, imenyesha. Homa ikiondoka, imeondoka. Uongozi humjia kwa njia ya fikira, na fikira hizo husema moyoni kwa sauti ile ile anayoitumia kuhesabu fedha zake, kuwahusudu jirani zake na kujitungia udhuru. Kijana anayetaka kuliacha shamba la mpunga aende Dar es Salaam, binti aliyeposwa na mtu ambaye wazazi wamempenda naye hajampenda, mwalimu wa dini aliyeitwa kuhudumu mbali na mama yake mgonjwa: kila mmoja wao akipiga magoti atasikia jambo, na shaka haiwi juu ya kusikia, huwa juu ya aliyesema.

Wapo wanaoikata shaka hiyo kwa haraka. Mmoja hushika kwamba kila wazo lijalo wakati wa sala ni la Mungu, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Mwingine hushika kwamba la Mungu ni lile tu limuumizalo, na kwamba kila alipendalo ni hawaa ya nafsi. Basi huyo humfanya Muumba kuwa adui wa furaha alizoziumba mwenyewe. Wote wawili wameikimbia kazi. Akili ni amana tuliyopewa, na mtu anayepima gharama kabla ya kujenga hamvunjii heshima Aliyempa akili ya kupimia. Wala fikira yangu haiwi batili kwa kuwa ni yangu. Inawezekana Mungu akaniongoza kwa njia ya fikira hiyo hiyo. Linalohitajiwa ni ujuzi wa kuipima.

Wakristo wa Afrika waliujua uzito wa ujuzi huo tangu zamani. Katika karne ya 4 majangwa ya Misri yalikuwa na watawa wengi, na Yohana Kasiano, aliyekaa kati yao akayaandika mazungumzo yao, anasimulia jinsi wazee walivyojadiliana ni fadhila ipi imfikishayo mtu salama kwa Mungu. Huyu alitaja kufunga, yule kukesha, mwingine kuiacha mali, mwingine kuwafadhili maskini. Mtakatifu Antonio hakuikataa hata moja, bali aliwakumbusha kwamba wamekwisha kuwaona watu wenye fadhila hizo zote wakianguka kwa kukosa upambanuzi tu. Ndipo inapotajwa habari ya mzee Heroni, aliyeishi jangwani miaka 50 kwa ukali uliowazidi wenzake, hata sikukuu ya Pasaka asikubali kula pamoja nao. Mzee huyo alitokewa na aliyemdhania kuwa malaika, akaamini kwamba kwa ubora wa matendo yake hawezi kudhurika, akajitupa usiku katika kisima kirefu. Ndugu zake wakamtoa akiwa nusu mfu. Siku ya tatu akafa, na hata katika kukata roho hakukubali kwamba amedanganywa. Heroni hakupungukiwa na sala wala na ikhlasi. Alichokosa ni mtu mmoja ambaye angekubali kuambiwa naye neno la kumzuia.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1521, askari wa Hispania aitwaye Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga katika mapigano ya Pamplona, akalazwa kwao miezi mingi. Alitamani hadithi za mashujaa zimpitishie wakati, zisipatikane; akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Tangu hapo mawazo yake yakawa ya namna mbili: mara alijiona akitenda makuu ya kumpendeza bibi mmoja wa nasaba kubwa, mara alijiona akienda Yerusalemu kama fukara. Yote mawili yalikuwa matamu yalipokuwapo. Tofauti aliigundua nyuma yake: ya kwanza yalipoondoka yalimwacha mkavu na mwenye huzuni, ya pili yalipoondoka furaha ilibaki. Ugunduzi huo waonekana mdogo, lakini ndio kiini cha kazi hii yote. Sisi tumezoea kuyahukumu mawazo yanapowasili, tukiuangalia ukubwa wa kishindo chake. Fundi huyahukumu yakisha kuondoka, akaangalia yalichokiacha. Hofu husema kwa nguvu, hali kadhalika tamaa, na hasira huwashinda wote kwa ufasaha. Lakini watatu hao hawawezi kungoja. Shauri la Mungu laweza kungoja hadi mtu amekula, amelala, ameghadhibika na kutulia, naye akirudi alikute pale pale.

Subira peke yake haitoshi, kwa maana Heroni naye alikuwa na subira ya miaka. Habari ya Samweli kule Shilo huhubiriwa mara nyingi kama sifa ya masikio ya mtoto. Kwangu mimi ni sifa ya mzee Eli. Mtoto alisikia barabara, tena mara tatu, na mara zote tatu alimkosea aliyemwita. Aliyetambua ni mzee mwenye macho yaliyofifia na nyumba iliyoharibika, naye alimwelekeza mtoto sawasawa, ingawa ujumbe uliofuata ulikuwa hukumu juu yake mwenyewe. Basi mtu aweza kuusikia wito asiutambue, na mwingine akautambua asiousikia. Hata Mtume Paulo, aliyeona usiku huko Troa mtu wa Makedonia akimsihi avuke, hakuondoka kwa maono yake pekee: Luka aeleza kwamba wasafiri wote kwa pamoja ndio waliokata shauri ya kuwa Mungu amewaita. Maono yalikuwa ya mmoja, hukumu ikawa ya wote.

Katika nchi zetu ustadi huo ulipata chuo chake katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake ni kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe mwaka 1929, ukawaka Gahini katika Rwanda, ukaenea Uganda, Bukoba na nchi ya Dodoma. Ndugu hao walikuwa na desturi ya kukutana mara kwa mara na kutembea nuruni, yaani kuyafunua mbele ya wenzao si makosa tu, bali na mashauri: posa, deni, safari, kazi mpya. Seremala na askofu waliketi pamoja, na yule aliyekuja na yakini kwamba Bwana amemwonyesha jambo aliweza kuulizwa kwa upole kama ni Bwana au ni kiburi chake. Desturi hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwani jamaa nao waweza kukosea na kumwonea mtu. Walakini iliwapa wengi kile alichokikosa Heroni.

Kikundi bila uhuru huo wa kuulizana si msaada, ni hatari iliyoongezwa nguvu. Msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ulipoanza kufukuliwa mwaka 2023, ilitolewa miili zaidi ya 400, na ushahidi ukaeleza watu waliohimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Waliokufa hawakuwa wapweke. Walikuwa wengi, wakisali pamoja. Lakini kila sikio lilielekea kinywa kimoja, wala hapakuwa na wa kukiuliza kinywa hicho.

Liko sharti jingine, ambalo Mkristo wa Mkongo aweza kulitazama kwa jirani zake Waislamu, walio wengi katika Rufiji yote. Muislamu akikabiliwa na jambo zito husali istikhara: rakaa mbili, kisha humwomba Mungu amrahisishie jambo hilo likiwa na heri naye, na likiwa na shari amwepushe nalo. Mkristo ana sala zake, lakini asione haya kuiheshimu adabu hiyo, ya mtu aingiaye katika dua akiwa ameyaruhusu majibu mawili. Anayeomba aongozwe ilhali amekwisha kufunga mizigo hakuomba uongozi, ameomba baraka ya safari yake.

Kwa hiyo nikitafuta fundi wa kazi hii simtafuti miongoni mwa wanaosema kila asubuhi kwamba Mungu amewaambia. Namtafuta kwa yule asemaye aghalabu kwamba adhani hivi, aombaye siku kadhaa za kulitafakari, amwendeaye mtu mwenye akili ambaye hakubaliani naye, na ambaye akiulizwa hakasiriki. Huyo naye aweza kukosea. Lakini kosa lake laweza kusahihishwa, kwa kuwa hakulipiga muhuri wa jina la Mungu kabla halijapimwa. Anayeliweka jina hilo juu ya kila alitakalo huwafunga wenzake midomo, akabaki peke yake na nafsi yake akiisujudia. Na anayekubali kupimwa huipa heshima sauti aliyoisikia, maana haogopi kwamba sauti ya Mungu itashindwa na maswali ya ndugu zake.