Sauti ya Aliyebaki: Uhakiki wa Filamu ya The Temptations

Tumezoea kuutenga wasifu na tawasifu kwa kigezo kimoja: katika wasifu mtu huandikiwa maisha yake na mwingine, na katika tawasifu hujiandikia mwenyewe. Kigezo hiki chatosha darasani. Hakitoshi tunapoikabili kazi inayosimulia maisha ya watu watano kwa kinywa cha mmoja wao. Kazi ya namna hiyo ni filamu iitwayo The Temptations, iliyoongozwa na Allan Arkush na kuonyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani kwa usiku miwili, tarehe 1 na 2 Novemba 1998. Hiyo ndiyo sababu ya kuijadili katika jarida la lugha. Habari za muziki wenyewe tutazigusa pale tu zinapoihusu hoja.

Kundi hili la waimbaji wa soul lilianza mjini Detroit mwaka 1960, vikundi viwili vya vijana vilipoungana, na mwaka uliofuata likachukuliwa na kampuni ya Motown. Wanaokumbukwa zaidi ni Otis Williams, Melvin Franklin, Eddie Kendricks, Paul Williams, na David Ruffin aliyejiunga mwaka 1964. Mwishoni mwa mwaka huo walitoa wimbo wa "My Girl", utungo wa Smokey Robinson na Ronald White, ambao ulishika nafasi ya kwanza nchini mwao Machi 1965. Ruffin alifukuzwa mwaka 1968. Paul Williams alifariki mwaka 1973, Ruffin mwaka 1991, Kendricks mwaka 1992 na Franklin mwaka 1995. Filamu ilipotengenezwa, kati ya watano hao alikuwa amebaki Otis peke yake. Kitabu chake cha mwaka 1988, alichokiandika pamoja na Patricia Romanowski, ndicho kilichokuwa msingi wa filamu, na ndiye anayetusimulia mambo, kwa sauti ya mwigizaji Charles Malik Whitfield.

Sasa tuzingatie nafasi ya Otis katika nyimbo. Aliyeongoza mara nyingi alikuwa Ruffin kwa sauti yake ya mkwaruzo, au Kendricks kwa sauti yake nyembamba ya juu. Paul aliongoza nyingine, na Franklin akashika besi. Otis alikuwa mwitikiaji. Hilo si la kumdharau. Mwitikiaji hodari ndiye anayeufanya wimbo usimame, na hapana shaka kwamba bila ya uvumilivu na uangalizi wake kundi lingevunjika mapema. Lakini katika filamu mwitikiaji ndiye kiongozi, na wale waliokuwa wakiongoza hawana hata nafasi ya kuitikia.

Matokeo yake yaonekana katika jinsi wahusika wanavyopimwa. Makosa ya Otis, hasa ya nyumbani kwake, yanaelezwa kama gharama ya kazi. Makosa ya wenzake yanaelezwa kama tabia zao. Ulevi wa Paul, kiburi na dawa za kulevya za Ruffin, hasira za Kendricks, yote hutufikia yakiwa yamekwisha kuhukumiwa. Mfano mbaya kuliko yote ni kifo cha Ruffin. Tunamwona akitupwa kutoka garini mbele ya hospitali, kisha tunaambiwa kwamba maiti yake ilikaa bila ya mtu wa kuidai. Jamaa zake waliyakanusha hayo. Wao, pamoja na mama yake Franklin na aliyekuwa mkewe Otis, waliwashtaki watengenezaji wa filamu, na mahakama zikawakatalia. Rufani yao ilishindwa mwaka 2001. Sheria ya huko, kama ilivyo katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, haitambui kashfa dhidi ya marehemu. Sawa, hakimu ana mipaka yake. Mhakiki hana udhuru huo: msanii anayemvua marehemu heshima ya mazishi yake kwa ajili ya kuwaliza watazamaji ametenda kosa la kisanaa pia, kwa sababu ameweka simanzi rahisi mahali pa ukweli uliokuwa mzito wa kutosha.

Huenda tukajibiwa kwamba kila wasifu una upande. Ni kweli. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, kusudi lake lilikuwa kumsifu mwimbaji huyo wa Unguja, wala hakulificha. Msomaji anajua tangu mwanzo amesimama wapi. Filamu hii imelificha kusudi lake kwa kujiita jina la kundi zima. Ni tawasifu iliyovaa nguo za wasifu.

Hata hivyo kuna mahali msimulizi anashindwa na filamu yake mwenyewe. Katika ugomvi mmoja Ruffin, anayeigizwa na Leon, anamwambia Otis waziwazi kwamba hakuna mtu anayekuja kumtazama yeye. Bila shaka tulikusudiwa tuuone ujeuri wa msemaji. Lakini Leon analisema kwa uhai mwingi, kwa mwili wote, hata watazamaji wengi wanalikumbuka neno hilo kuliko mawaidha yote ya Otis. Arkush alipata tuzo ya Emmy kwa uongozaji wake. Nadhani sehemu kubwa ya tuzo hiyo ilimstahili mwigizaji huyu. Sehemu ya Paul Williams nayo ina upole usiopatikana kwingine, labda kwa kuwa Paul hakuwahi kugombea uongozi na Otis.

Linalosikitisha ni kwamba muundo uliofaa ulikuwa tayari mikononi mwao. Mwaka 1969, Dennis Edwards akiwa amekwisha kuchukua nafasi ya Ruffin, kundi lilitoa wimbo wa "I Can't Get Next to You", uliotungwa na Norman Whitfield na Barrett Strong. Humo waimbaji wote watano wanapokezana uongozi, mmoja akiacha mwingine akidaka, na Otis naye ana zamu yake. Filamu ya saa tatu ingaliweza kusimuliwa hivyo: Kendricks aeleze kwa nini aliondoka mwaka 1971, Paul aeleze ilivyokuwa kusimama jukwaani huku Richard Street akimwimbia nyuma ya pazia, na Ruffin ajitetee, hata kama utetezi wake ungekuwa wa uongo.