Pongezi kwa Maseremala wa Kusini

Maseremala wa Nachingwea na Ruangwa wanastahili pongezi, si kwa kujua kuwasha mashine tu, bali kwa kujua kuisubirisha. Mninga husifiwa kwa kutopinda sana ukishakauka, lakini ubao mbichi ukipitishwa kwenye randa ya umeme leo, mlango utaachia maungio baadaye. Fundi mzuri hupanga mbao kivulini kwanza, hewa ipite katikati. Wapo wasemao mashine imeua ufundi. Sikubali: msumeno wa umeme hunyoosha mkato, haumwambii mtu nyuzi za mti zinaelekea wapi. Hoja nzito zaidi ni ya misitu, maana kasi hula magogo. Kweli, lakini meno butu hula zaidi, na anayenoa kabla ya kupasua hupata mbao nyingi kwenye gogo lilelile.