Mvumo Hutoka Wapi: Ngozi, Fimbo na Mikono ya Bugufi

Pigo la kwanza analofundishwa mpigaji wa ngoma ndogo ya bendi, ile yenye nyuzi zilizotandazwa chini ya ngozi ya pili, ni la mawilimawili: kulia-kulia, kushoto-kushoto, polepole kwanza, kisha mbio hadi sikio lishindwe kuyatenganisha na lisikie mvumo mmoja. Wapiga ngoma wa Marekani walioungana Chicago mwaka 1933 walipoorodhesha mapigo 26 ya msingi, hili walilitanguliza. Kule Basel, Uswisi, Fritz Berger alibuni mwaka 1928 namna ya kuliandika: mkono wa kulia juu ya mstari, wa kushoto chini yake. Majeshi ya kikoloni yalilileta Afrika Mashariki, na bendi za polisi na za shule zinalo mpaka leo.

Mkono haupigi mara mbili kwa nguvu zake wenyewe. Hupiga mara moja, ngozi nyembamba iliyokazwa sana huirudisha fimbo, na vidole huipokea na kuisukuma chini tena. Nusu ya kazi hufanywa na ngozi.

Sasa kijana aliyejifunza hivyo katika bendi ya shule Biharamulo au Ngara, mkabidhi ngoma ya Wahangaza, wenyeji wa Bugufi. Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi kabla ya mipaka iliyochorwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuiacha Tanganyika, na ngoma za pande hizo mbili ni za ukoo mmoja. Mzinga huchongwa katika gogo la mringaringa, ambao Warundi huuita umuvugangoma. Juu huwambwa ngozi ya ng'ombe na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Ngozi ni nene, fimbo ni nzito. Kijana akijaribu mawilimawili yake, pigo la pili linakufa. Hapa kila pigo linadai mkono uinuliwe upya, na nguvu itoke begani.

Mvumo usiokatika wautoe wapi basi? Jibu la mafundi wa Burundi ninalihusudu. Walichokifanya Wazungu ndani ya viganja viwili, wao wamewagawia watu. Ngoma hupangwa nusu duara, kwa kawaida kumi na zaidi, idadi yake ikiwa witiri daima. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika pigo lisilobadilika, na hilo ndilo zulia. Ibishikizo hufuata nyendo za mchezaji. Katikati husimama inkiranya, inayoamuru wengine wageuze lini.

Mgawanyo huo una faida ambayo kwa maoni yangu wachambuzi wengi wameipita haraka. Kikosi cha Basel kinaweza kuwa na makumi ya wapigaji, lakini wote wanapiga kitu kimoja kwa pamoja. Uhodari wao ni kutotofautiana. Kwenye nusu duara ya Burundi, mtu anaweza kuiacha ngoma yake, akaruka mbele ya inkiranya, akacheza na fimbo zake mkononi, na mvumo usipungue hata chembe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameubeba peke yake. Kucheza na kupiga vimewezekana kuwa kazi moja kwa sababu ya ngozi ile nzito.

Waliojaribu kuiga kutoka mbali waligonga ukuta huohuo. Rekodi ya wapigaji wa Burundi iliyotolewa Ufaransa na kampuni ya Ocora mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwafikia wanamuziki wa Uingereza, na mwaka 1980 bendi ya Adam and the Ants ilipoutaka mlio huo, iliwaweka wapiga dramu wawili. Seti moja ya dramu yenye kila kitu, mbele ya mtu hodari mwenye mikono miwili na miguu miwili, haikutosha.

Kwa mwalimu wa bendi wa Ngara, ushauri wangu ni wa kazi tu. Asimfundishe mwanafunzi kuhamisha mawilimawili kutoka ngoma ndogo kwenda kubwa. Awape watatu pigo moja la kushikilia, mmoja aamuru, wengine waitikie, na fimbo zishuke kutoka begani.